Je, wajua kwa nini muuzaji wa jumla huwa hakupi bei mapema?

Alfajiri sokoni Kilombero, Arusha, muulize mwenye mzigo tenga la nyanya ni bei gani leo. Mara nyingi atakujibu, "Tulisikilizie soko kwanza." Wengi huona anakwepa swali. Mimi naona ndani ya jibu hilo kuna hesabu nzito.

Mwaka 1838 mwanahisabati Mfaransa, Cournot, alieleza kwamba wauzaji wakiwa wachache hushindana kwa kiasi cha mzigo. Mwaka 1883 Mfaransa mwenzake, Bertrand, akampinga: wanashindana kwa bei. Lakini mwenye nyanya hajui kama leo wanunuzi watafurika au watakuwa wa kuhesabu. Aking'ang'ania idadi moja au bei moja, siku ikigeuka ameumia. Mwaka 1989 wanauchumi Paul Klemperer na Margaret Meyer wakaonyesha njia nyingine: muuzaji anakuwa na mpango mzima wa ugavi. Bei ikiwa hivi natoa matenga haya, ikipanda naongeza haya.

Utamu uko hapa. Tuseme mpo wawili tu, na kila tenga limekugharimu 20,000 hadi kufika sokoni. Kwa bei ya 30,000 wanunuzi wanachukua matenga 40, nusu kwa nusu, nawe unapata faida ya 200,000. Bei ikisukumwa hadi 35,000 wanataka 36. Mwenzako akiwa mtu wa kuachia mzigo bei inaponoga, atatoa 26. Wewe unabaki na 10, faida inashuka hadi 150,000. Akiwa mtu wa kubana, anatoa 21 tu, wewe unauza 15 na kutia mfukoni 225,000. Bei ni ileile, wanunuzi ni walewale; kilichobadilika ni mkono wa mwenzako. Naye anakupigia hesabu hiyohiyo. Kwa hiyo kubana kwa mmoja humpa mwingine sababu ya kubana, na anayelipa ni mama ntilie.

Kwenye umeme mipango hii huandikwa kabisa. Kuanzia 1990, wazalishaji wa Uingereza na Wales walipeleka siku moja kabla orodha ya bei watakazozalishia umeme. Mwaka 1992 wanauchumi Richard Green na David Newbery wakaipigia hesabu: kampuni mbili kubwa ziliweza kupandisha bei juu sana ya gharama. Mitambo hiyohiyo ingegawiwa kampuni tano, bei ingeshuka mno.