Maana ya jina la mlima haimo kwenye kamusi

Nimeletewa tena orodha ya milima ya Uskoti "iliyotafsiriwa". Utaratibu ni uleule: mtu anafungua ramani, anafungua kamusi ya Kigaeli, lugha ya wenyeji wa milima hiyo, anaunga neno kwa neno, kisha anaandika "maana yake ni". Hapana! Tahajia ya ramani ni ushahidi dhaifu mno.

Chukua Cairn Toul, katika safu ya Cairngorms. Tafuta "toul" kwenye kamusi mpaka uchoke. Kwa Kigaeli ni Càrn an t-Sabhail, mlima wa ghala, na ile "s" haitamkwi kabisa. Kinachosikika ni kama "taul". Aliyeandika "Toul" aliandika kilicholifikia sikio la Kiingereza. Wapima ramani wa karne ya 19 walikusanya mashahidi wa majina, lakini neno la mwenye ardhi au la kasisi lilipewa uzito kuliko la mchunga kondoo aliyeshinda huko juu. Na jirani yake, The Devil's Point? Kwa Kigaeli ni Bod an Deamhain, uume wa shetani. Kiingereza kimeufunika.

Rangi ndizo zinazonichosha zaidi. Gorm ni "buluu", kwa hiyo Cairn Gorm ni mlima wa buluu, basi, yamekwisha. Lakini Mgaeli akisema feur gorm anasema majani mabichi ya malisho! Gorm inachukua buluu pamoja na kijani cha mimea. Glas inachukua kijani kilichopauka hadi kijivu. Uaine ni kijani kinachong'aa. Nyekundu nayo imegawanyika: dearg ni nyekundu iliyokolea, ruadh ni ile ya nywele za watu wekundu au manyoya ya kulungu. Sasa, safu yenyewe ambamo Cairn Gorm imesimama kwa Kigaeli inaitwa Am Monadh Ruadh, milima ya ruadh. Gorm ndani ya ruadh. Kamusi haiwezi kukuambia aliyetoa jina alisimama upande gani, msimu gani, akitazama nyasi au matale matupu. Ndiyo maana nikimrekodi mzee sianzi na "maana yake nini?" Naanza na "mlikuwa mkiutazama kutoka wapi?"

Na hata mzee hanipi uhakika wote. Matamshi yake nayashika kwa mikono miwili. Maelezo yake nayaandika kando, kwa sababu hadithi nyingi hutungwa baada ya maana kusahaulika. Kule kaskazini mwa kisiwa cha Lewis, jina la mahali Nis limo vinywani mwa Wagaeli vizazi na vizazi, lakini asili yake ni neno la Kinorse, lugha ya Waviking: rasi.

Kuhusu Ben Nevis, wenye mita 1,345, kila kibao cha watalii kina jibu lake, mara "wenye sumu", mara "wa mawinguni". Chini yake unapita mto wenye jina hilohilo, na inawezekana kabisa kwamba mto ndio uliotangulia kuitwa hivyo, mlima ukafuata. Kwenye daftari langu nimeandika "haijathibitika". Tafadhali, mnaochapisha vibao, msilifute neno hilo.