Je, Wajua Jinsi Kiini cha Mfumo Endeshi Kinavyotambua Mahali Ombi la Diski Lilipochelewa?

Programu inapochelewa kufungua faili, lawama ya kwanza huiangukia diski. Pengine diski inaistahili, lakini kati yake na programu pana safari ndefu inayopita ndani ya kiini cha mfumo endeshi (kernel), yaani sehemu inayosimama kati ya programu na vifaa, na ombi linaweza kukwama popote njiani kabla diski haijapata hata habari zake. Ili kujua lilipokwama, kiini hakina budi kuandika saa katika kila kituo ambacho ombi linapita. Hapa nitaieleza kazi hiyo kwa kutumia Linux, kwa kuwa vituo vyake vinaonekana waziwazi.

Si kila ombi hufika kwenye diski. Programu ikitaka kusoma faili, kiini hutazama kwanza kama kurasa zinazotakiwa, yaani vipande vya data ya faili, zimo tayari kwenye kumbukumbu. Zikiwamo, programu hupewa papo hapo, na mtu anayefuatilia tabaka la diski haoni chochote. Zisipokuwamo, mfumo wa faili hugeuza sehemu iliyoombwa ndani ya faili kuwa namba za sekta, yaani vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa, kisha huunda ombi linalotaja kifaa kinachohusika, sekta ya kuanzia, urefu, na iwapo ni kusoma au kuandika. Kiini huhesabu sekta moja kuwa baiti 512, hata pale ambapo diski yenyewe hutumia sekta za baiti 4096.

Kuanzia hapo kila kituo kina herufi yake, ambayo mtumiaji wa blktrace, zana ya Jens Axboe ya kufuatilia maombi ya diski iliyoingizwa kwenye Linux 2.6.17 mwaka 2006, huizoea upesi. Q ni ombi kuwasili kwenye tabaka la diski, I ni kuingizwa kwenye foleni ya mratibu, anayepanga zamu za maombi, D ni kukabidhiwa kwa kifaa, na C ni kukamilika. Herufi inayowachanganya wageni ni M, yaani kuunganishwa. Tuseme ombi moja linaanzia sekta ya 1000 likiwa na urefu wa sekta 8, na jingine likaja likianzia sekta ya 1008 kwa urefu uleule. Kiini huyaunganisha yakawa ombi moja la sekta 16, hivyo Q zitakuwa mbili, lakini D moja na C moja. Anayehesabu Q na C akakuta hazilingani hudhani ombi limepotea, kumbe limebebwa na mwenzake.

Utamu wa kazi hii umo katika kutoa saa moja kwenye nyingine. Muda kati ya Q na D ni ule ambao ombi lilikaa ndani ya kiini, na muda kati ya D na C ni ule ambao lilikuwa mikononi mwa kifaa. Diski ya sahani inayozunguka mara 7200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 8.3, kwa hiyo kungoja milisekunde chache kati ya D na C ni jambo la kawaida kwake. Iwapo muda huo ni mfupi, ilhali ombi lilikaa milisekunde 40 kati ya Q na D, basi ni vyema kuchunguza foleni: huenda mratibu amelizuia, huenda limewekewa kikomo cha matumizi, au huenda kifaa kimejaa maombi ya wengine. Wastani hausaidii sana hapa. Maombi 99 yakichukua milisekunde 1 kila moja, na moja likachukua 500, wastani utakuwa karibu milisekunde 6, muda ambao hakuna ombi hata moja lililoupitia.

Je, kuandika saa kila mara hakucheleweshi kazi kwenyewe? Vituo vya ufuatiliaji vimo ndani ya msimbo wa kiini wakati wote, lakini vikiwa vimezimwa, mahali pake hukaa maelekezo yasiyofanya kitu, na prosesa huyapita karibu bila gharama. Vikiwashwa, kiini hujirekebisha kikiwa kinaendelea kufanya kazi. Kila prosesa huandika matukio kwenye akiba yake yenyewe ili prosesa zisingojeane. Kosa ambalo wengi hulifanya ni kuhifadhi matokeo kwenye diski ileile inayochunguzwa, kwani kila tukio linalohifadhiwa huzaa matukio mapya. Ndiyo maana blktrace inaweza kuyatuma kwa mtandao hadi kwenye mashine nyingine. Njia ya eBPF huupunguza mzigo huo kwa namna tofauti: programu ndogo, iliyokwisha kukaguliwa usalama wake, hujumlisha muda wa maombi ndani ya kiini na kutoa muhtasari tu.

Jambo gumu zaidi ni kumjua mwenye ombi. Katika kusoma, jina la programu linaloandikwa kwenye Q kwa kawaida ndilo la mhusika. Katika kuandika, data hukaa kwanza kwenye kumbukumbu, na mipangilio ya kawaida ya Linux huwaamsha watumishi wa kiini kila baada ya sekunde 5 ili wapeleke kwenye diski data iliyozidi sekunde 30, kwa hiyo jina linaloonekana ni kworker, na programu iliyoiandika huenda imeshafungwa. Jina lililopo kwenye C ndilo lisiloaminika kabisa, maana kifaa kikimaliza kazi hukatiza programu yoyote inayokuwa kwenye prosesa wakati huo, hata kama haijawahi kuigusa diski. Anayemtafuta mwandishi halisi hulazimika kupanda juu ya tabaka la diski na kufuatilia pale ambapo programu ilikiomba kiini kiandike, kabla data haijaingia kwenye kumbukumbu na kuchanganyika na ya wengine.