Je, wajua hewa unayoitoa puani inaweza kukamua mafuta ya habasoda?

Zamani Mjini Unguja mafuta ya uto yalikamuliwa kwa kinu kilichozungushwa na ngamia. Lakini kinu hakimalizi: yafinye mashudu ya simsim, vidole vitang'aa. Viwanda vikubwa huyaosha mashudu kwa heksani, kimiminika kitokanacho na petroli, ambacho baadaye lazima kichemshwe mpaka kitoke.

Ipo njia nyingine, ya hewa ya ukaa, ileile tunayoitoa tukipumua. Vipi hewa iyeyushe mafuta?

Ikiwa katika hali yake ya kawaida, haiwezi. Ila mwaka 1869 mwanakemia Thomas Andrews wa Belfast, Ireland, alieleza kuwa hewa hii ina mpaka: joto la nyuzi 31 za Selsiasi, na mgandamizo wa mara 73 hivi ya huu tunaoishi ndani yake. Nyuzi 31 si kitu, ni mchana wa Februari Chake Chake. Kazi ipo kwenye mgandamizo, sawa na kuzama zaidi ya mita 700 baharini. Ikivuka mipaka yote miwili, si hewa tena wala si kimiminika. Chembe zake zimesongamana kiasi cha kuyeyusha mafuta, na bado inapenya kama hewa, hadi ndani ya chenga za mbegu ambako kinu hakifiki.

Basi habasoda husagwa, ikajazwa kwenye mtungi wa chuma kinene, na hewa hiyo ikapitishwa humo, aghalabu kwa mgandamizo wa mara 200 hadi 400 na joto la nyuzi 40 hadi 60. Ikishabeba mafuta huingia mtungi wa pili, wenye mgandamizo mdogo. Hapa ndipo panaponipendeza kuliko pote: chembe zinaachana, hewa inarudi kuwa hewa, inashindwa kuyashika mafuta, nayo yanadondoka yenyewe. Hakuna harufu ya petroli. Hewa hurudishwa kwenye pampu, ikaanza safari upya.

Karafuu nayo inakubali. Kiwanda cha Wawi, Pemba, hutoa kwa mvuke mafuta ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Joto la mvuke hubadili baadhi ya vitu vya harufu. Mafuta ya karafuu yaliyotolewa kwa hewa ya ukaa hunukia karibu zaidi na karafuu yenyewe iliyoanikwa jamvini.

Kikwazo ni mitungi. Chuma cha kustahimili mgandamizo huo ni ghali mno, mafuta ya kukaangia hayawezi kuilipa gharama yake. Ndiyo maana njia hii utaikuta kwenye mafuta yauzwayo kwa vichupa, na katika kuondoa kafeini kwenye buni.