Denbigh haianzii ngomeni

"Tumeshaimaliza Denbigh, tulipanda ngomeni." Nimeandikiwa tena hivyo wiki hii, na mtu aliyekuwa na rekodi zangu zote kwenye simu yake. Aliziruka akaenda moja kwa moja kwenye ile ya ngome, akapiga picha langoni, akaingia garini, akaelekea Conwy, mji mwingine wenye ngome. Jamani.

Kazi yangu ni kuandika na kusoma rekodi za kuongozea wageni katika miji ya kaskazini mwa Wales, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kote ninakopita imani ni ileile: mji wa kihistoria ni ngome, na huko chini ni maduka tu. Conwy naweza kuvumilia, maana kule watu bado wanaishi ndani ya ukuta wa mji. Denbigh siwezi, kwa sababu Denbigh ni mji uliohama.

Historia yenyewe nitaipitia mbio. Mwaka 1282 Mfalme Edward I wa Uingereza alimpa Henry de Lacy, bwana mkubwa wa Kiingereza, eneo hili, lililokuwa makao ya Dafydd ap Gruffudd, mwana wa ukoo wa kifalme wa Wales. De Lacy akaanza ukuta na ngome, akaleta walowezi wa Kiingereza akawaweka ndani, na mwaka 1290 mji ukapata hati yake ya haki za mji. Wawelisi waliokuwa na ardhi nzuri walisukumwa pembeni. Mwaka 1294 wakaasi chini ya Madog ap Llywelyn na kuiteka ngome kabla ujenzi haujaisha. Kisha mwaka 1468 Jasper Tudor akaja na moto. Mji wa ndani uliungua, na wakazi, ambao tayari walikuwa wamechoshwa na kupanda kilima na kuhangaikia maji, wakahamia kabisa chini, sokoni.

Ingia leo ndani ya ukuta uone kilichopo. Majani, nyumba chache, mnara wa kanisa la St Hilary ambalo mwili wake umeshabomolewa, na kuta za kanisa kubwa ambalo Robert Dudley, kipenzi cha Malkia Elizabeth I, alianza kulijenga mwaka 1578 na hakulimaliza. Basi. Anayenishauri nianzishe rekodi kule juu "kwa sababu ndiko kwenye maegesho" ananitaka nianze hadithi mahali ambapo wenye mji walipakimbia.

Ndiyo maana kituo changu cha kwanza ni High Street, mbele ya maktaba. Simama usitembee. Tazama upana wa barabara kwanza: barabara ya mji mdogo haiwi pana hivi kwa ajili ya magari, hapa palikuwa soko. Halafu geukia maktaba. Jengo lile Dudley huyohuyo alilijenga miaka ya 1570, na ghorofa ya chini ilikuwa wazi, matao matupu, ili watu wauze na kununua bila kunyeshewa. Juu yao ndiko mashauri yalikosikilizwa. Mtu angeweza kuuza siagi chini na kushtakiwa kwa mizani yake ya uongo juu, bila kuvuka barabara. Matao yalizibwa baadaye, lakini umbo lake bado linasomeka ukutani ukiambiwa utazame.

Hiyo "ukiambiwa utazame" ndiyo kazi yote, na hapa ndipo wengi wananichosha. Wanadhani mwongozo wa sauti ni kijitabu kilichosomwa na mtu mwenye sauti nzuri. Wananitumia kurasa nne na kusema, "soma tu." Nisome nini? Msikilizaji yuko kwenye mvua, mkono mmoja umeshika mwavuli, mwingine mtoto. Sentensi yenye miaka mitatu na majina mawili ya Kiwelisi imeshampotea kabla sijaimaliza. Kwanza mwelekeze jicho, umpe muda wa kugeuka, ndipo umwambie jambo moja. Na ukimya uandikwe kwenye hati kama neno lingine lolote. Njia ya kupanda kutoka sokoni hadi Burgess Gate, lango la zamani la ukuta wa mji, ni mwinuko mkali. Pale siweki maneno kabisa, kwa sababu mtu anayehema anasikia pumzi zake tu. Akifika langoni namwachia ahangaike kidogo, kisha namwambia atazame mawe juu ya mlango, meupe na meusi yamepangwa kama ubao wa drafti. Mlinzi hakuhitaji urembo ule. Ni majivuno, na yalikusudiwa kuonwa na watu wa nje.

Mengine ni ya ufundi tu. Usiseme "duka jekundu", litapakwa rangi nyingine kiangazi kijacho. Usiseme "kushoto kwako" kabla hujahakikisha amegeukia wapi. Na usiiamini sana GPS kwenye vichochoro, itakurushia rekodi ya kanisa ukiwa umesimama mbele ya bucha.

Sasa Stanley, maana najua msomaji wa Kiswahili alikuwa anamsubiri. Sanamu ya Henry Morton Stanley, yule msafiri aliyekwenda Afrika kumtafuta mmishonari Livingstone, iko hapohapo mbele ya maktaba tangu mwaka 2011, mkono umenyooshwa kusalimia hewa. Wageni wetu wengi wanamwita Mwingereza, na yeye mwenyewe alipenda kujifanya Mmarekani. Alizaliwa Denbigh mwaka 1841, jina lake John Rowlands, na kanisa likamwandika mwanaharamu bila aibu. Babu yake mzaa mama, aliyemlea, alikuwa mchinjaji. Babu alipofariki mtoto akaishia nyumba ya maskini kule St Asaph, akiwa na miaka sita. Yote haya yanaingia vizuri kwenye sekunde tisini, na toleo la Kiingereza linaishia Ujiji mwaka 1871 na lile swali maarufu: "Daktari Livingstone, nadhani?" Silipendi. Kurasa za shajara ya Stanley za siku ile zimechanwa, kwa hiyo ushahidi wa kwamba aliyatamka maneno hayo ni kitabu chake mwenyewe, na Stanley hakuwa mtu wa kuiacha hadithi ikiwa imepoa.

Katika toleo la Kiswahili naanza na watu. Msafara ulitoka Bagamoyo, na kiongozi wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, aliyekwisha kuzunguka bara na wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke kabla Stanley hajaujua mwelekeo wa Tabora. Hata kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, aliyemsalimu kwanza nje ya Ujiji, tena kwa Kiingereza, alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Huyo Susi ndiye aliyekuja kumrudisha Livingstone pwani akiwa maiti, yeye na Chuma na wenzao. Halafu inabaki Kongo, ambako kuanzia mwaka 1879 Stanley alimfanyia kazi Mfalme Leopold II wa Ubelgiji na kukusanya mikataba ya machifu. Hilo halitoshi sekunde tisini. Kwa Kiingereza nimelitengea sentensi mbili, kwa Kiswahili sita, na kusema kweli linaninyima raha. Wasikilizaji wawili wamesimama bega kwa bega mbele ya shaba moja, na mimi nawapa Stanley wawili. Wenyeji nao hawajakubaliana: mwaka 2021 walipigiwa kura ya maoni, 592 wakataka sanamu ibaki, 471 iondoke. Mwalimu wa historia angechagua toleo moja. Mimi bado nayapima.

Kuna na kisima cha Goblin Tower, mnara mmoja wa ukuta wa mji. Hadithi inasema mwana wa de Lacy alitumbukia humo akafa, baba akasusa ujenzi. Inavutia, watu hutulia wakiisikia, na sidhani kama ni kweli. Nimeiacha kwenye rekodi na neno "husimuliwa" mbele yake, neno ambalo najua hakuna anayelisikia. Cha hakika ni kwamba bila maji ngome ile ilikuwa jiwe tupu.

Kwa hiyo: sokoni kwanza, halafu Back Row nyuma ya High Street, kisha mwinuko bila maneno, Burgess Gate, mnara wa St Hilary, ngome mwisho. Uliza pale ngomeni habari za ufunguo wa njia ya juu ya ukuta. Hedifoni iwe sikio moja tu, magari yanapita. Na nikirekodi upya, Stanley atapata dakika tatu kwa lugha zote mbili, programu ya simu ilalamike inavyotaka.