Mvua ya kwanza isikumalizie mbegu

Mvua ya kwanza ya mwaka ikinyesha usiku hapa Busia, Uganda, mpakani na Kenya, asubuhi yake huna haja ya kuuliza watu wako wapi. Majembe yametoka. Watoto wamepewa makopo ya mahindi na maharage wayafikishe shambani kabla ya kwenda shule, na ikifika saa nne mbegu yote ya nyumba imeshaingia ardhini. Kisha jua linawaka wiki mbili. Miche iliyochomoza inanyauka, mbegu ambazo hazijaota zinafukuliwa na ndege, na mama anarudi soko la Sofia kununua mbegu mara ya pili kwa hela iliyowekwa ya ada. Katika kazi yangu ya ugani, yaani kuwashauri wakulima mashambani, hasara hii nimeikuta kwenye nyumba nyingi kuliko mafuriko na wadudu. Inaniuma kwa sababu inazuilika.

Wazee waliopanda kwa kuhesabu miezi hawakukosea. Ukanda wa mvua hulifuata jua: mwezi Machi hutupita ukielekea kaskazini, mwezi Septemba hurudi kusini, ndiyo maana tuna misimu miwili. Lakini mvua itaanza lini na itakuwa kiasi gani, hilo linategemea pia joto la bahari zilizo mbali nasi. Mwishoni mwa 2019 maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida. Mvua zikapiga miezi mingi, na Mei 2020 Ziwa Victoria likafika kimo ambacho halikuwa limefika tangu 1964. Mwaka huohuo mambo yakageuka: kuanzia mvua za mwisho wa 2020, majirani zetu wa kaskazini mwa Kenya, Somalia na Ethiopia walikosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo. Kalenda ni ileile, mvua sizo.

Kwa hiyo uliza udongo. Chukua panga, nenda katikati ya shamba, si chini ya mwembe wala kando ya mfereji, uchimbe. Pima kwa mkono. Ikiwa udongo umelowa shubiri nzima kwenda chini, na ukiufinya unashikana bila kuchuruzika maji, panda. Ikiwa unyevu umeishia vidole viwili na chini yake ni vumbi, mvua hiyo imelainisha uso tu, subiri nyingine. Penye udongo wa kichanga uwe mgumu zaidi wa kuridhika, maana hapo maji hayakai.

Hata udongo ukikubali, usimwage mbegu yote. Mwenye kilo nne za maharage apande mbili, nyingine azibakize siku kumi hivi mpaka aone mvua inaendeleaje. Najua ugumu ulipo: maharage yaliyobaki ndani hupikwa wageni wakija. Hilo ni jambo la kuongea baba, mama na watoto wakubwa wakiwa wamekaa pamoja, kila mmoja ajue kwamba kopo lile ni la shamba. Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa nao usomeni pamoja, mkikumbuka kwamba "mvua juu ya kawaida" haina maana kwamba itanyesha kila wiki. Inaweza kushuka yote kwa siku chache, katikati pakawa na kiangazi.

Katika kiangazi hicho cha katikati, sufuria hutegemea bustani ya jikoni. Mchicha, ambao wengi huku tunauita dodo, huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Kunde hukupa majani mapema, na ukiziacha zinakupa punje. Mgagani na mnavu zimezoea nchi hii kuliko kabichi, na sishauri mtu aanze na kabichi eti kwa sababu inauzika vizuri.

Lakini niseme wazi jambo linalonikera katika mashauri yetu sisi wataalamu. Tunamwambia mama alime bustani, hatuulizi maji atayatoa wapi. Bustani ikidai jerikani tatu kila jioni kutoka kisimani, atakayezibeba ni binti, na daftari lake halitafunguliwa usiku huo. Bustani ya namna hiyo afadhali isiwepo. Anza na maji yaliyokwisha kuingia nyumbani: yaliyoosha mboga na mchele, yaliyosuuza vyombo, yaliyosuuza nguo mara ya mwisho. Yale ya povu zito la sabuni ya unga yaache. Mwagia shinani, usimwagie majani mtakayokula.

Gunia hutunza maji hayo vizuri kuliko tuta. Weka gunia la kilo 100 mahali penye jua, karibu na mlango wa jiko. Simamisha katikati kopo kubwa lililo wazi juu na chini, ulijaze kokoto, na kulizunguka ujaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Kopo likijaa, livute juu, kokoto zibaki zimesimama kama nguzo, uendelee hivyo mpaka gunia lijae. Toboa matundu ubavuni, upande miche ya sukuma humo na juu. Maji yamwage kwenye kokoto, yatateremka hadi mizizi ya chini. Kwenye matuta ya kawaida tandaza nyasi kavu unene wa kiganja, ila zisiguse shina, mchwa watapanda.

Na bati lako usilidharau. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita sita kwa tano, mvua ya milimita 20, hiyo ni lita 600. Toa yanayoruka na kuvuja, bado unabaki na zaidi ya 500, yaani jerikani 25 ambazo hakuna aliyezibeba kichwani. Gata ya upande mmoja na pipa la lita 200 vinatosha kuanzia. Pipa lifunikwe, mbu wasizaliane humo.

Hali hii ya hewa ina hila nyingine: mvua kurudi wakati wa kuvuna. Mahindi yaliyohifadhiwa mabichi huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupika. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania, sababu iliyotajwa ilikuwa sumu hiyohiyo, na sisi wa mpakani tulijua maana yake mifukoni mwetu. Mahindi yasianikwe juu ya udongo. Yaanikwe juu ya turubai, na mtu awe karibu wa kulikunja wingu likitanda.

Kujua kama yamekauka, hakuna haja ya mashine. Tafuta chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Tia punje mpaka robo yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, umpe mtoto aitikise dakika mbili tatu. Iache itulie dakika kumi, kisha iinueni kwenye mwanga. Chumvi ikidondoka yote chini, kioo kikabaki safi, mahindi yako tayari kwa gunia. Ikiwa imeganda ubavuni mwa chupa, turubai lirudi juani kesho yake, na baada ya jua hilo mtikise tena.