Redio Mpya Ndani ya Lori: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Redio iliyotoka kiwandani na lori, hasa katika Fuso, Canter na Isuzu za miaka iliyopita, mara nyingi hupokea vituo vya redio na pengine kucheza kaseti au CD, basi. Dereva anayetoka Dodoma alfajiri kwenda Singida, Tabora au Iringa anataka zaidi ya hapo: anataka kuchomeka flashi yake yenye nyimbo na mahubiri, kuchaji simu, na kuona njia kwenye kioo cha redio. Hayo ni mahitaji ya haki. Kinachoumiza ni kwamba redio nyingi huungua, na betri nyingi hufa kabla ya wakati, kwa sababu ya maneno ambayo watu wamepokezana kwenye maegesho na vijiwe vya mafundi mpaka yakachukuliwa kuwa elimu. Nimefanya kazi ya umeme wa magari hapa Dodoma kwa muda wa kutosha kuyasikia mengi ya maneno hayo, na katika kuyapitia nitakaa zaidi kwenye yale yanayowatia watu hasara.

«Redio ya gari dogo itakubali tu kwenye lori»

Gari dogo hutumia umeme wa volti 12. Malori mengi, yakiwemo yale madogo ya Kijapani yanayobeba tani mbili au tatu, hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfuatano, chanya ya moja ikifungwa kwenye hasi ya nyingine. Injini ikiwa inanguruma na oltaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, inachaji, volti hizo hupanda hadi kukaribia 28. Redio iliyotengenezwa kwa volti 12 ikipewa umeme wa namna hiyo haimalizi hata wimbo mmoja.

Wapo wanaojibu kwamba fyuzi itailinda. Fyuzi huangalia wingi wa mkondo unaopita, yaani ampea, na haina habari na volti. Itakatika, ndiyo, lakini itakatika baada ya vipuri vya ndani kuungua na kupiga shoti, wakati ambapo hakuna tena cha kulinda.

Jibu la uhakika liko kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni au ubavuni mwa redio, ambako huandikwa volti inazokubali. Zipo redio zilizotengenezwa kwa volti 24, na zipo zinazokubali 12 na 24 zote mbili. Upande wa gari nao upimwe kwa mita ya volti, kwa kuwa idadi ya betri peke yake haitoshi kuwa ushahidi: yapo magari yenye betri mbili zilizofungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ambayo bado ni ya volti 12. Pikapu nyingi, Hilux ikiwemo, ni za volti 12, hivyo mwenye pikapu anaweza kuruka sehemu inayofuata.

«Chukua umeme kwenye betri moja, si yenyewe ni volti 12?»

Huu ndio ushauri ninaoupinga kuliko yote, kwa sababu unafanya kazi siku ya kwanza. Redio inawaka, muziki unalia, mteja analipa na kuondoka akiwa na furaha, na hasara inakuja miezi kadhaa baadaye wakati hakuna anayeikumbuka redio.

Fuso moja iliyokuwa ikisomba mahindi kutoka Kibaigwa ililetwa gereji ikiwa imeshaua jozi ya pili ya betri. Mwenyewe alikuwa amemlaumu muuza betri, kisha akabadilisha oltaneta, na tatizo likabaki palepale. Tuliweka mita kwenye betri ya kwanza, injini ikiwa imezimwa, ikasoma 11.8. Ya pili ikasoma 12.9. Tulipowasha injini jumla ilifika 28 kama inavyotakiwa, lakini mgawanyo wake ulikuwa mbovu: betri ya kwanza ilikuwa ikipata 13.1 na ya pili 14.9. Ukikaribisha sikio kwenye ile ya pili ulisikia maji yakichemka, na vifuniko vyake vilikuwa vimelowa asidi. Nyuma ya sanduku la betri, chini ya tabaka la vumbi jekundu, palikuwa na waya mwembamba uliofungwa kwa tepu, ukitoka kwenye chanya ya betri ya kwanza kuelekea kabini. Ulikuwa waya wa redio.

Maelezo yake ni haya. Betri zilizofungwa kwa mfuatano hupokea mkondo uleule wa kuchaji kutoka kwenye oltaneta, kana kwamba zote zinatumika sawasawa. Ukichomoa umeme wa redio kwenye moja tu, hiyo moja inatoa kila siku zaidi ya mwenzake lakini inarudishiwa sawa na mwenzake, kwa hiyo inabaki nyuma daima. Oltaneta nayo inatazama jumla ya volti na haijui mgawanyo wake. Betri iliyochoka ikishindwa kupanda, ile nzima inasukumwa juu kufidia pengo. Moja inakufa kwa njaa na nyingine inakufa kwa kuvimbiwa. Kununua betri mpya bila kuuondoa ule waya ni kuanza safari ileile upya.

Kinachotakiwa ni kipunguza volti, kile ambacho mafundi hukiita konvata, kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili na kutoa volti 12 au 13 hivi. Hata hapo pana jambo la kuangalia. Konvata za aina ya zamani hupunguza volti kwa kuzigeuza joto: tofauti ya volti 15 hivi ikizidishwa kwa ampea 5 za redio ni wati 75 za joto, kiasi cha kuunguza vidole, na kwenye kabini iliyoegeshwa juani Dodoma joto hilo halina pa kwenda. Zile zinazokata na kuunganisha umeme kwa kasi kubwa hazipotezi namna hiyo, ila za bei ya kutupa huleta mlio wa kukwaruza kwenye FM na huweza kuvuruga antena ya GPS, ile ya kutambua mahali gari lilipo, iliyo jirani. Mimi humshauri mtu anunue yenye ampea zaidi kidogo ya mahitaji ya redio, aifunge kwenye chuma mahali penye hewa, na aiweke mbali na antena.

«Waya ni waya, unganisha uone»

Redio nyingi zinazouzwa madukani hufuata rangi zinazofanana: njano ni umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu, nyekundu ni umeme unaokuja pale ufunguo unapozungushwa, nyeusi ni hasi. Spika za mbele ni nyeupe kwa kushoto na kijivu kwa kulia, za nyuma ni kijani na zambarau, na kila moja ina mwenzake wa rangi ileile wenye mstari mweusi. Rangi hizo ni za redio mpya. Waya za lori hufuata utaratibu wa kiwanda chake, na njia pekee ya kuzijua ni mita au mchoro wa gari.

Wapo wanaofunga njano na nyekundu pamoja ili redio iwake hata ufunguo ukiwa mfukoni. Inawaka kweli, na utingo anayelala kabini ataishukuru, mpaka asubuhi moja stata itakapotoa mlio wa kukohoa na injini ikagoma.

Lenye madhara makubwa zaidi ni la spika. Katika baadhi ya malori ya zamani, hasi za spika zote zimefungwa pamoja kwenye bodi ya gari. Redio za sasa hazikubali hivyo, kwa sababu kila spika inaendeshwa kwa waya mbili zote zenye umeme, na waya wowote kati ya hizo ukigusa bodi, sehemu ya sauti ya redio inaweza kufa papo hapo. Lori la namna hiyo linahitaji kuvutiwa waya mpya kwa kila spika. Ni kazi ya saa kadhaa, na fundi anayeikwepa anamwachia mteja bili kubwa zaidi.

Kuhusu kukata soketi ya kiwandani: si lazima. Soketi za kuunganishia zipo kwa aina nyingi za magari, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na usumbufu wa kutafuta waya zilizokatwa siku utakapotaka kurudisha redio ya awali. Katika malori mapya ya Ulaya kuna sababu nyingine ya kutokata kitu ovyo. Baadhi yake hayana kabisa ule waya mwekundu wa ufunguo. Taarifa kwamba gari limewashwa husafiri kwenye mtandao wa ndani wa gari, na redio mpya huhitaji kifaa maalumu cha kuitafsiri.

Wati na matundu ya USB

Boksi likisema wati 50 mara 4, wengi huamini wamenunua wati 200. Hesabu ya umeme haikubali. Volti 14.4 kwenye spika ya omu 4, bila amplifaya ya nje, haiwezi kutoa zaidi ya wati 26 hivi za sauti safi kwa kila spika, na redio nyingi ziko chini ya hapo. Namba kubwa ni ya kilele cha nukta moja.

Vilevile si kila tundu la USB husoma flashi. Mengine ni ya kuchaji tu. Na flashi isiposomeka, kabla ya kuilaumu redio angalia ilivyoandaliwa: redio nyingi husoma mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, wakati flashi kubwa, hasa za GB 64 na kuendelea, mara nyingi huja na exFAT.

«Ile ya Japani iwekewe ramani ya Tanzania»

Magari mengi yaliyotumika huja na redio yenye kioo na ramani nzuri ya Japani, na mwenye gari huombwa fedha ili «ibadilishwe lugha na nchi». Ramani hiyo na programu yake vilitengenezwa kwa ajili ya Japani, na kwa kawaida kiwanda hakikutoa ramani ya nchi yetu kwa mashine hizo. Hata upande wa redio kuna kikwazo: FM ya Japani ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati yetu huanzia 87.5 hadi 108. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa. Kikishusha kwa 15, kituo cha 100 utakikuta kwenye 85. Lakini dirisha la redio bado ni lilelile, kwa hiyo utapata vituo vya kati ya 91 na 105, na vya pembezoni vitapotea. Anayetaka vituo vyote na ramani abadilishe redio.

«Bila bando hakuna GPS»

Hapa vitu vitatu vimechanganywa: setelaiti, ramani na intaneti. GPS ni mfumo wa serikali ya Marekani wenye setelaiti zinazozunguka kwenye kimo cha kilometa 20,200 hivi, na mawimbi yake hupokelewa bure popote duniani. Mashine ikisikia setelaiti nne inajua ilipo, iwe katikati ya Dodoma au kwenye pori lisilo na mnara hata mmoja wa simu. Intaneti inahitajika kuleta picha ya ramani, na hiyo inaweza kupakuliwa mapema ukiwa nyumbani. Google Maps inaruhusu kuhifadhi eneo, na programu zinazotumia ramani huria ya OpenStreetMap, kama OsmAnd na Organic Maps, huhifadhi nchi nzima. Taarifa za foleni ndizo zitakazokosekana.

Mashine isiyo na intaneti inapowashwa mara ya kwanza mahali pageni huweza kuchukua dakika kadhaa kujitambua, na wengi huihukumu kuwa mbovu ndani ya dakika hizo. Isubirini ikiwa uwanjani. Antena yake ndogo iwekwe juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele, ikitazama mbingu. Nimeitoa mara nyingi nyuma ya redio, ikiwa imezungukwa na vyuma pande zote.

Kwa wanaohofia kwamba redio ya ramani itamwonyesha bosi lori liliko: kipokezi cha GPS hupokea tu. Kifaa cha kufuatilia gari ni kingine, chenye laini yake ya simu ya kutuma taarifa.

«Fuata kioo, kinajua njia»

Kioo kinajua kile ramani ilichokuwa nacho siku ilipotengenezwa. Dodoma imejengwa upya mbele ya macho yetu, na barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilometa 112.3, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, haimo kwenye ramani za zamani zilizouzwa pamoja na mashine. Ukipita humo na ramani hizo, kishale cha gari huonekana kikikatiza mashamba na sauti inakuhimiza kugeuka urudi, huku wewe uko juu ya lami.

Pia programu nyingi za ramani hupanga njia kwa ajili ya gari dogo. Hazijui kwamba nyuma yako kuna kontena, wala kwamba uzito wako unakaribia tani 56, ambazo ndizo kikomo cha juu katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zitakuchagulia mtaa mfupi wenye nyaya za umeme zilizolegea na kona ambayo trela haliwezi kuikata. OsmAnd inakuruhusu kuingiza kimo na uzito wa gari, nami huwa naviingiza kabla sijakabidhi funguo, ila inaviheshimu pale tu ambapo mtu alishavipima na kuviandika kwenye ramani, na mitaa mingi ya ndani bado haijaandikwa. Huko utingo atashuka na kutangulia kwa miguu, akitazama nyaya.