Mizani ya fimbo ya pool, na kwa nini mpingo unakaa nyuma

Mtwara ukitaja mizani, hasa kuanzia Oktoba, watu wanawaza korosho: gunia linapandishwa, namba inasomwa, karani anaandika. Mizani hiyo inajibu swali moja tu, kwamba kitu kina uzito gani. Fimbo ya pool nayo ina mizani yake, vijana wengi huiita balansi, na swali lake ni jingine kabisa. Inauliza uzito umekaa wapi.

Mizani ya fimbo ni ile nukta moja ambayo fimbo ukiilaza juu ya kidole hapo, inatulia. Haiinami mbele, haiinami nyuma. Sisi tunaozichonga tunaipima kwa sentimita kutoka kitakoni, yaani ule mwisho mnene unaoshikwa na mkono wa nyuma. Fimbo nyingi za snuka, mchezo ndugu wa pool unaochezwa kwenye meza kubwa zaidi, mizani yake huangukia kati ya sentimita 40 na 46 kutoka kitako.

Kuipata hakuhitaji kifaa. Nyoosha vidole viwili vya shahada, laza fimbo juu yake, kimoja kikae karibu na ncha na kingine karibu na kitako. Visogeze polepole vikutane. Utaona havitembei sawa: kilichobeba mzigo mkubwa kinakwama, chenye mzigo mdogo kinateleza, kisha zamu inageuka. Mwishowe vinakutana penye mizani, hata kama ulianza kimoja mbali na kingine karibu. Mchukuzi wa mzega anaijua kazi hii kwa bega lake. Ndoo moja ikijaa kuliko ya pili, hamwagi maji. Anasogeza bega kuelekea ndoo nzito, na mti unalala sawa.

Nimeanza na maana hii kwa sababu bila kuielewa nilipoteza mti mzuri. Mimi huchonga fimbo jioni na siku za mapumziko, kwa mapenzi ya kazi, na ya kwanza niliichonga nzima kwa mpingo. Hoja yangu ilionekana haina kasoro. Mpingo ni mti wetu wa kusini, unaota Kilwa, Liwale, Nachingwea mpaka Nanyumbu, wachongaji wa Kimakonde wameupa jina duniani, na hakuna mti mgumu kuushinda kwa mafundi wa hapa. Nilitafuta miezi kipande kilichonyooka, maana mpingo hukua umejipinda na kujaa mifundo, na kupata mita moja na nusu bila ufa ni bahati kubwa. Nikakipiga randa, nikakipiga msasa, kikang'aa kama kimepakwa mafuta. Jirani yangu aliishika akasema, "Fundi, hii nzito kweli, hii ndiyo yenyewe." Tukaenda nayo mezani Chikongola. Baada ya michezo mitatu vidole vya mkono wangu wa mbele vilikuwa vimechoka, na mipira ya kupiga polepole, niliyozoea kuigusa kidogo tu, ilikuwa inapita shimo.

Nilidhani tatizo ni uzito. Nikaipunguza unene kidogo, ikawa nyepesi, lakini ile hali ya kulalia mbele haikuondoka. Hapo ndipo nilipokaa na kalamu.

Chukua fimbo ya sentimita 145, milimita 10 nchani na 29 kitakoni, inayonenepa taratibu tangu mbele hadi nyuma. Ikiwa yote ni mti mmoja, mizani yake itakuwa karibu sentimita 51 kutoka kitako. Iwe ya mpingo, iwe ya mtiki, iwe ya mninga, ni 51 tu. Mti mzito unaongeza uzito kila mahali kwa kiasi kilekile, kwa hiyo nukta haihami. Aina ya mti inaamua gramu. Umbo ndilo linaloamua mizani, ilimradi mti ni mmoja. Mimi nilikuwa nikibadilisha gramu nikitegemea nukta ihame.

Sasa tazama mchezaji ameinama. Mkono wa nyuma uko kama sentimita 10 kutoka kitako, mkono wa mbele umeweka daraja la vidole, kama sentimita 27 kutoka ncha. Fimbo imelala juu ya mikono miwili, na kadiri mizani inavyosogea mbele ndivyo daraja linavyobebeshwa. Fimbo yangu ya mpingo mtupu, kwa vipimo hivyo, ilikuwa na gramu 560 hivi, na kama 210 kati ya hizo zilikuwa zimeketi kwenye vidole vya mbele. Mzigo huo unazaa msuguano. Fimbo inachelewa kuanza safari, kisha inaondoka kwa kishindo. Mpira wa kupiga polepole unahitaji fimbo inayoteleza kwenye daraja bila kuombwa.

Dawa ni kuunganisha miti miwili ya uzito tofauti. Lita moja ya mpingo ina takriban gramu 1,200, ndiyo maana ukitupwa majini unazama. Lita ya mtiki ina kama 650. Ukichukua ile fimbo ya vipimo vilevile, mbele ukaweka mtiki na sentimita 40 za nyuma ukaweka mpingo, jumla inakuwa kama gramu 424 na mizani inarudi nyuma hadi karibu sentimita 42. Umehamisha nukta kwa sentimita 9 bila kugusa umbo.

Kuna jambo hapa lililonifurahisha kuliko yote niliyojifunza katika kazi hii, nami nitalikalia kidogo. Mtu angedhani mpingo ukiwa mrefu zaidi mizani itazidi kurudi nyuma. Sivyo. Mpingo wa sentimita 30 unatoa mizani ya 42. Wa sentimita 40 unatoa karibu palepale. Ukiendelea hadi 60, mizani imeshaanza kwenda mbele tena, polepole, na mpingo ukifika nchani umerudi kwenye 51 yako ya mwanzo. Sababu yake ni ya mzega: mti mzito unaouweka nyuma ya nukta unaivuta nyuma, ule unaouweka mbele ya nukta unaivuta mbele. Kwa hiyo mpingo unafanya kazi hadi unapofikia mizani yenyewe. Ukivuka hapo unaanza kujipinga. Vitako vingi vya fimbo za snuka huishia maeneo hayo ya sentimita 30 na 40, na sasa najua si kwa urembo peke yake.

Na kwa sisi wa huku habari hiyo ina baraka ya ziada. Kipande cha mpingo cha sentimita 40 kilichonyooka kinapatikana, cha mita moja na nusu hakipatikani kirahisi. Mabaki ya wachongaji wa vinyago, ambayo kwao ni mafupi mno, kwangu ni kitako kizima. Mti huu unachukua miongo mingi kukomaa, na kuukata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa, kwa hiyo nanunua penye karatasi au naomba mabaki. Vijiji vya Kikole na Kisangi kule Kilwa vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009 kwa jinsi vinavyotunza misitu yao ya mpingo. Nikikumbuka hilo, kipande hata cha kiganja sikitupi.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani Kaskazini mbele hutumia miti ya Fraxinus (Kiingereza ash), iliyo ya jamii moja na mzeituni, au Acer (maple). Kwetu haioti. Nimejaribu mninga: hauchezi na unyevu, unatulia vizuri hata masika, ila kwa unene wa milimita 10 unanepa mno mkononi mwangu. Mvinje wa pwani ni mgumu lakini mzito, unaharibu hesabu yote. Nimetulia na mtiki, ambao hupandwa kule Rondo mkoani Lindi. Chagua ubao ambao nyuzi zake zimenyooka kama kamba ya mshipi, tangu mwisho hadi mwisho. Nyuzi zikikata kona, fimbo itapinda siku moja, hata ukiipaka vanishi gani.

Kuunga miti hii miwili ndiko kunakotenganisha fimbo na kipande cha mti. Ungeweza kukata pande zote mbili bapa na kutia msumari wa mti katikati, lakini uzito ungebadilika ghafla kama ngazi, na mahali hapo pangevunjika. Njia ya mkono ni hii: mwisho wa mtiki unachongwa nyuso nne, uwe kabari ndefu inayokonda kuelekea kitakoni. Kila uso unabandikwa ubao wa mpingo kwa gundi, kwanza pande mbili zinazotazamana, zikikauka unazifuata mbili zilizobaki. Kisha unapiga randa hadi kila kitu kiwe duara. Randa inapokata kona, zinajitokeza ncha nne nyeusi zilizochongoka kama ndimi zinazopanda kwenye mtiki wa rangi ya kahawia. Watu wanaziona ni nakshi. Ni nakshi kweli, na wakati huohuo ndipo uzito unapohama kidogo kidogo, mpingo ukiongezeka na mtiki ukipungua, bila ngazi. Miti yote miwili ina mafuta. Ifute kwa spiriti kabla ya gundi, la sivyo itabanduka. Na vumbi la mpingo lisikuingie kifuani, funika pua na mdomo.

Sasa umebaki uzito. Gramu 424 ni chache kwa wachezaji wengi, ambao hupenda kati ya 480 na 540. Hapa natumia risasi za wavuvi, chubwi, zinazouzwa na watu wa nyavu. Unatoboa kitako kwa nyuma, unazitia, unaziba kwa kizibo cha mpingo. Ni kazi ya farumi kwenye jahazi, ule uzito wa chini unaotuliza chombo, na kama farumi, mahali inapokaa ni muhimu kuliko wingi wake. Gramu 70 zikikaa sentimita 10 kutoka mwisho, mizani inaruka nyuma hadi 37, na ncha inakuwa nyepesi kiasi cha kunyanyuka unapomaliza kusukuma. Gramu zilezile zikikaa karibu na nukta yenyewe, uzito unaongezeka na mizani haitikisiki. Ndiyo maana natoboa tundu refu kadiri keekee inavyofika, na chubwi nazisukuma mbele.

Namba ipi ni sahihi? Kanuni za snuka zinataka fimbo isipungue milimita 914 na ibaki na umbo lake la jadi, lakini hazimpangii mtu mizani. Wenye mkono mwepesi wanaopiga polepole huwa wanapenda nukta irudi nyuma. Wanaopiga kwa nguvu, hasa kwenye meza ndogo za mitaani, wanapenda ncha iwe na uzito kidogo, itulie kwenye daraja. Namuuliza mtu, kisha namwangalia akicheza, na nikilazimika kuchagua namwamini mkono wake.

Ninayoimalizia sasa ni ya kijana mrefu wa Shangani. Alama yangu ya penseli imesimama kwenye sentimita 43. Ameishika mara tatu, macho amefumba, na mara zote kidole chake kimetafuta mbele kidogo ya alama, kwenye 44. Kesho nafungua kizibo, natoa chubwi ya nyuma kabisa, ya gramu 15, na tutapima tena.